Shamba lisilo na vumbi la salfa: uchambuzi wa kisa cha mkulima mwenye sonona Tandahimba

Julai, kwenye uwanda wa Wamakonde, alfajiri ya mkulima inasikika. Kabla jua halijatoka, umande ukiwa bado majanini na upepo umetulia, mashine za kupulizia zinanguruma shamba hadi shamba na vumbi la njano la salfa linatanda juu ya mikorosho. Asiyepuliza anajulikana. Mwaka huo, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, kusini mwa Tanzania, shamba moja lilikaa kimya wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Magugu yalifika magotini. Mwenye shamba hakuwa safarini wala hakuwa na msiba.

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia katika vijiji vya korosho vya Mtwara na Lindi, ili asipatikane mtu wa kunyooshewa kidole. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu mazungumzo yetu mengi kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, vijijini huishia kwenye "jamii ipewe elimu", na hapo mgonjwa mwenyewe anapotea. Ninachotaka kuonyesha ni hiki: mkulima aliyefunzwa anaweza kumwinua mkulima mwenzake mwenye sonona, na kinachomwezesha ni kuijua kalenda ya korosho na kulijua deni linavyomkaba mtu, huku nyuma yake akiwepo muuguzi anayepokea simu. Maneno ya faraja pekee hayafiki mbali.

Mwaka mzuri uliomvunja

Mkulima wetu ana miaka arobaini na kitu, mke, watoto wanne, na mikorosho aliyoachiwa na mjomba wake. Matatizo yake hayakuanza Julai. Yalianza Januari ya mwaka uliotangulia, mtoto wake mkubwa alipochaguliwa kuanza kidato cha kwanza. Ada ya sekondari ilifutwa 2016, lakini sare, madaftari, godoro na nauli havikufutwa. Januari na Februari huku ni miezi ya njaa: fedha za msimu zimekwisha na chakula kipya bado kiko shambani. Ndipo mnunuzi wa kangomba akabisha hodi.

Kwa wasomaji wasio wa kusini, kangomba ni kuuza korosho kabla hazijavunwa, mara nyingi hata kabla mkorosho haujatoa ua. Mnunuzi anatoa fedha leo, mkulima anamlipa kwa korosho msimu ukifika, kwa bei ya mnunuzi na kipimo cha mnunuzi. Biashara hii imepigwa marufuku. Korosho ghafi zinatakiwa zipelekwe AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ziingie ghalani na ziuzwe mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotumika kwenye korosho tangu 2007. Marufuku hiyo ni ya haki, lakini ina upande wake wa pili: aliyekopa kwa kangomba hana ofisi ya kwenda kulalamika, maana akifungua mdomo amejitaja mwenyewe. Deni linageuka siri.

Alikubali shilingi 1,200 kwa kilo. Oktoba 2024 minada ya mwanzo ya msimu ikafunguliwa kwa bei iliyovuka shilingi 4,000.

Kijiji kilishangilia. Watu waliezeka bati, wakanunua pikipiki, harusi zikafuatana. Yeye alibeba magunia yake jioni, kwa njia ya nyuma ya nyumba, kuyapeleka kwa mtu aliyekwisha kumlipa miezi tisa kabla. Alichobakiza hakikufika Krismasi, na Januari iliyofuata akakopa tena, kwa mtu yule yule.

Wengi tunadhani sonona ya mkulima inaletwa na mwaka mbaya. Inatokea, lakini mwaka mbaya una wenzake. Msimu wa 2018/19, serikali ilipozikataa bei za wafanyabiashara na kuamua kununua korosho kwa shilingi 3,300, jeshi likazibeba na malipo yakachelewa, wakulima waliteseka wakiwa pamoja. Waliulizana kila asubuhi kama fedha zimeingia benki. Maumivu ya mkulima wetu yalikuja katikati ya furaha ya wengine. Kila bati jipya lilimwambia kwamba yeye ni mjinga. Ukitaka kuelewa kwa nini alijifungia ndani, anzia hapo.

Mwili ndio uliotangulia kusema

Hakusema ana huzuni. Alisema kichwa kinauma, mgongo unauma, mwili hauna nguvu. Alikuwa anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Ugali ulikuwa kama hauna ladha. Aliacha bao barazani, kisha Ijumaa msikitini, kisha hata kuitikia salamu ya mtu anayepita njiani ikawa kazi. Msimu wa mabibo alikuwa ameanza kunywa uraka, pombe ya mabibo, na uraka ulipokwisha akatafuta kikali zaidi.

Zahanati walimpima malaria mara mbili, hana. Wakampa dawa ya maumivu na vitamini. Silaumu zahanati sana. Mtu akilalamika kichwa na uchovu Mtwara, malaria ndiyo inayoulizwa kwanza, na foleni ni ndefu. Lakini hakuna aliyemuuliza usingizi wake ukoje.

Mke alimpeleka kwa shehe, akasomewa dua na kunywa kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa. Ilimsaidia kidogo, kwa siku chache, na nadhani sababu ni kwamba mtu aliyemheshimu alikaa naye saa nzima bila kumkemea. Baadaye wakaenda kwa mganga aliyesema kuna mtu kamwekea kitu shambani, na mbuzi wawili wakaondoka. Hilo lilimdhuru. Mbali na mbuzi, alianza kuliogopa shamba lenyewe.

Majirani nao wakagawanyika: hawa wanasema amelogwa, wale wanasema ni mvivu tangu zamani. Wa pili ndio waliomuumiza, kwa sababu aliwaamini.

Maswali tisa chini ya mkorosho

Kituo cha afya cha kata kilikuwa kimewafunza wakulima wachache, wanaume na wanawake, kuwa wasaidizi rika wa watu wenye sonona. Sifa zao zilikuwa za kawaida: wanasoma na kuandika, wanaheshimika, wanajua kunyamaza na wanalima. Mmoja wao aliingia jando mwaka mmoja na mkulima wetu.

Hakuja na karatasi mkononi. Alikuja saa nne asubuhi akitoka kupuliza kwake, shati bado lina vumbi la salfa, akaketi kwenye gogo.

"Njomba, wiki ya tatu hii sijaona vumbi kwako."

"Mashine mbovu."

"Mashine yangu ipo."

Kimya kikapita. Kisha: "Siyo mashine, njomba. Mimi mwenyewe ndiye mbovu."

Hapa ndipo mafunzo yalipoonekana. Mtu wa kawaida, kwa nia njema kabisa, angejibu "usiseme hivyo" au "subira, Mungu yupo." Maneno hayo ni mazuri na yana mahali pake, ila yakija mapema yanafunga mlango. Mgonjwa anaona hata huyu hataki kusikia. Msaidizi alisema tu, "Nieleze huo ubovu." Akaelezwa kwa muda mrefu, mpaka kivuli kikahama.

Mwishoni alimweleza mambo mawili: kwamba anayoyasikia hapo hayatoki, isipokuwa akiona uhai wa mtu uko hatarini; na kwamba ana maswali ambayo humuuliza kila mtu. Ni dodoso la PHQ-9, lililotungwa Marekani na kutumika duniani tangu 2001, na lina toleo la Kiswahili. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, umakini, mwendo wa mwili, na swali la tisa, mawazo kwamba ni heri ungekufa au ujidhuru. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Alama 10 na kuendelea zinataka mtu aangaliwe kwa makini. Mkulima wetu alipata 17.

Kwenye swali la tisa alijibu "siku kadhaa".

Msaidizi alimuuliza wazi kama amefikiria kujiua, na kama amepanga. Wapo wanaoamini kuuliza hivyo ni kumpandikizia mtu wazo. Utafiti wa miaka mingi hauungi mkono hofu hiyo. Mara nyingi aliyeulizwa anapumua. Huyu alinyamaza, akageuza macho kwenye kona ya nyumba zilikokaa chupa za dawa za wadudu wa mikorosho.

Kilichofuata kilikuwa na utaratibu uliofundishwa, na naamini ndicho kilichookoa mambo. Msaidizi hakuondoka. Alimpigia muuguzi simu pale pale, mgonjwa akisikia. Aliomba ruhusa ya kumwita mke. "Shemeji," alimwambia, "hizi dawa leo haziwezi kulala humu." Mchana huo chupa zote zikapelekwa kwenye stoo ya pembejeo ya chama, na makubaliano yakawa kwamba dawa ikihitajika shambani, itachukuliwa ya siku hiyo tu na mke ndiye ataifuata.

Kuondoa sumu karibu na mtu aliye hatarini kunaonekana jambo dogo, na ni kati ya hatua zenye ushahidi mzito zaidi. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali hatua kwa hatua, na katika miongo miwili baada ya 1995 kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili, bila kilimo kuanguka. Wazo la kujiua mara nyingi huja kwa nguvu kisha likapungua. Kama saa ile sumu haipo mkononi, mtu anaweza kufika asubuhi akiwa hai. Katika mikoa ambayo karibu kila nyumba ina dawa ya shambani, mradi wa sonona usiogusa uhifadhi wa dawa umeacha nusu ya kazi.

Kuna kizuizi kingine ambacho kila msaidizi rika anakutana nacho. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mkulima wetu alimuuliza muuguzi kama polisi watakuja. Kuwa na mawazo ya kujiua si kosa, akajibiwa, na huduma ni haki yake. Ila fikiria ni wangapi hawaulizi, wanakaa tu na hofu. Sheria hiyo haimsaidii mtu yeyote mgonjwa, na natamani iondolewe.

Siku ya pili walikwenda kituo cha afya wakiwa watatu. Dodoso halitoi hukumu ya ugonjwa. Tabibu alimchunguza, akauliza kuhusu pombe, akathibitisha sonona na kuanza dawa. Alitoa ya wiki moja moja, ikakaa kwa mke. Sababu ni ya kiutendaji: amitriptilini, ambayo inapatikana katika vituo vyetu vingi, ni hatari sana ikimezwa kwa wingi. Pia alimwambia ukweli kwamba dawa itachukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu. Wengi huacha siku ya tano wakisema haifanyi kazi.

Kalenda ya korosho haisubiri dawa

Njia aliyofunzwa msaidizi ni ya kutatua matatizo, ndugu ya ile iliyotumika Harare, Zimbabwe. Huko daktari Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafunza bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wao uliotoka 2016 ulihusisha kliniki 24 na watu 573: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi wale na bado wakawa na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14, dhidi ya karibu asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Kabla ya hapo, 2003, Uganda ilionyesha jambo linalofanana katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai: vikundi vya wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikiongozwa na wenyeji wasio matabibu.

Lakini mwenzako hawi dawa kwa sababu tu ni mwenzako. Rawalpindi ya Pakistan na Goa ya India zilijaribu kuwatumia kina mama kuwasaidia kina mama wenzao wenye sonona, na matokeo yaliyotoka 2019 yalikuwa ya wastani. Kinachobeba kazi ni kile mnachofanya mkiwa mmekaa pamoja.

Mkutano wa kwanza msaidizi alitandika mkeka na kumpa mkulima korosho chache mkononi. Kila tatizo, korosho moja. Akaweka: deni, mtoto wa sekondari, shamba chafu, pombe, mke asiyecheka tena, mbuzi wa mganga, aibu. Kisha akaulizwa ni ipi ishikwe kwanza.

Akashika deni. Msaidizi naye alitaka deni, na mtu yeyote mwenye akili angetaka hivyo. Muuguzi msimamizi, walipokutana wiki ile, aliuliza swali moja: "Kuhusu deni anaweza kufanya nini kabla ya Jumatano?" Hakuna. Msimu ulikuwa miezi mitatu mbele. Kumpa mtu mwenye sonona kazi isiyowezekana ni kumwongezea ushahidi kwamba ameshindwa. Basi wakarudi mkekani na kushika korosho ya shamba.

Nawasihi wanaopanga huduma hizi wapaelewe hapa. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaozuiwa kwa salfa, hushika maua na majani machanga kuanzia Juni hadi Septemba, na salfa inapulizwa kwa duru, takribani kila baada ya wiki mbili. Kila duru inayopita bila salfa ni korosho zinazopotea Oktoba. Kwa hiyo sonona ya Julai inatengeneza umaskini wa Desemba, umaskini huo unazaa kangomba ya Januari, na kangomba inaleta sonona ya msimu ujao. Mshauri anayetoka mjini atamwambia mgonjwa atembee kidogo kila siku na afanye kitu anachokipenda. Ni ushauri sahihi kitabuni. Mkulima mwenzake anajua kwamba kitu cha kufanya wiki hii ni kufyekea mikorosho kumi iliyo karibu na nyumba, kwa sababu duru inayokuja ni Jumamosi.

Kumi tu. Alipendekeza mwenyewe ishirini, msaidizi akaishusha. Siku ya kwanza alifyekea mmoja akarudi kulala. Siku ya pili hakwenda. Siku ya tatu alifyekea minne. Wiki ilipokwisha alikuwa na saba, na msaidizi hakuuliza kuhusu mitatu iliyobaki. Aliuliza, "Siku ile ya minne, jioni ulijisikiaje?" Jibu lilikuwa kwamba alikula.

Kupuliza shamba zima peke yake hakungewezekana. Watu wa jando lake walitaka kuja kumsaidia, naye akakataa kwa hasira. Akija mtu kukulimia, lazima ale kwako, na nyumbani unga ulikuwa wa kuhesabu. Msaidizi alikaribia kukosea: alitaka kuleta unga kutoka kwake. Muuguzi akamzuia, na nakubaliana naye. Leo unga, kesho nauli, na mwisho msaidizi rika amekuwa mfadhili na mgonjwa amekuwa mzigo, jambo lile lile ambalo mgonjwa analiogopa. Wakapanga zamu badala yake: alfajiri moja kwake, alfajiri inayofuata yeye anashika mashine kwa mwingine, na kila mtu anakula kwake.

Zamu ya kwenda kwa wengine ilimsaidia kuliko ya kwake. Mkono wake ulikuwa unahitajika. Alfajiri moja mwenye shamba alimgombeza kwa kuchelewa, na mke wake alisimulia baadaye kwamba mumewe alirudi karibu anacheka: hajagombezwa kama mzima kwa miezi.

Mkopeshaji alikuwa mtu wa nyumbani

Mkutano wa tatu ndio uliozungumzia deni, na hapo jambo likajitokeza. Mnunuzi wa kangomba alikuwa kaka wa mke wa msaidizi rika.

Tunapousifu ukaribu wa msaidizi rika, tukumbuke kwamba ukaribu huo una makali mawili. Anakujua, na anawajua wanaokudai. Anakutana nao kwenye msiba na kwenye sahani ya pilau. Msaidizi alifanya jambo la heshima: siku hiyo hiyo alimweleza muuguzi, na mkutano uliofuata akamwambia mgonjwa waziwazi, akimpa nafasi ya kubadilishiwa mtu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," mkulima akajibu. "Kijiji hiki nani hamjui shemeji wa mwenzake?"

Aliamua kubaki naye. Lakini kanuni ikawekwa: msaidizi hatazungumza na mkopeshaji kuhusu deni hili, kwa wema wala kwa shari. Suala la deni alilibeba mkulima mwenyewe akiwa na mjomba wake mzee na mwenyekiti wa kitongoji. Msaidizi alimwandaa tu, akijifanya yeye ndiye mkopeshaji na mkulima akifanya mazoezi ya kusema kiwango anachoweza kulipa bila kuinamisha kichwa. Walirudia mpaka sauti ikakaa.

Mkopeshaji alikubali kupokea fedha aliyotoa na nyongeza ndogo, baada ya mnada, badala ya magunia. Si huruma peke yake iliyomshawishi. Yeye pia hakuwa na pa kushitaki. Sisemi kila kijiji kitapata suluhu kama hii, na naona hatari kubwa mradi wa afya ukianza kusuluhisha madeni yasiyo halali. Msaidizi aliyebaki nje ya mazungumzo yale alifanya kazi yake vizuri zaidi kuliko kama angeingia.

Wiki ya tano, na gharama ya msaidizi

Wiki ya tano alianguka. Kulikuwa na msiba, akakutana na watu waliomtania kuhusu waganga na mbuzi, akanywa siku mbili mfululizo na kuruka dawa. Msaidizi alikwenda akamkuta hataki kusema. Naye siku hiyo alikuwa amechoka, duru yake ya tatu ya salfa imechelewa kwa sababu ya kuzunguka kwa watu, mke wake analalamika, na hana hata posho ya vocha. Akasema yale aliyofunzwa asiseme: "Mwanaume gani anajiachia hivi?"

Mgonjwa alinyamaza wiki nzima.

Tunapenda kuhesabu watu waliosaidiwa na hatuhesabu asubuhi za msaidizi. Huyu ni mkulima mwenye shamba linalohitaji salfa siku zile zile ambazo wagonjwa wanamhitaji. Muuguzi alimsikiliza kwanza yeye, kwa utaratibu ule ule wa kuuliza na kunyamaza, kisha akampunguzia watu: wawili kwa wakati mmoja hadi Septemba ipite. Msaidizi akarudi kwa mkulima na kuomba radhi kwa neno lake. Wakaanza tena na mikorosho mitano.

Tangu Januari 2024 serikali ina mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, waliofunzwa na wanaolipwa. Ni hatua kubwa. Ninachotaka ni wasaidizi rika wa sonona waunganishwe nao, wapate posho, na zaidi ya posho wapate kikao cha usimamizi kisichokosekana. Bila kikao kile cha kila wiki, kisa hiki kingekatika mara tatu: kwenye deni, kwenye unga na kwenye wiki ya tano. Kumfunza mtu siku chache, kumpa fulana na kumwacha na swali la tisa peke yake ni kumdhuru yeye na mgonjwa wake.

Alipofikia

Mwishoni mwa Septemba alama zake zilikuwa 6, na swali la tisa lilijibiwa "hapana kabisa" kwa wiki kadhaa. Anaendelea na dawa. Tabibu amemwambia asiache kwa sababu tu amepata nafuu. Pombe imepungua, haijaisha. Mavuno yalikuwa madogo, maana duru za mwanzo zilimpita, lakini magunia yake yalipelekwa ghalani mchana, yakapimwa kwa jina lake, akapewa stakabadhi. Mtoto alibaki shule.

Kuna pengo ambalo lilichelewa kuonekana. Miezi yote hiyo mke alikuwa anatunza dawa, anafuata chupa stoo, analima, anapika, anaamka saa tisa usiku kuangalia kama mumewe yumo ndani. Kila mtu alimsifu kwa uvumilivu. Hakuna aliyemuuliza yale maswali tisa mpaka Oktoba, alipoulizwa na msaidizi rika wa kike. Alipata 14. Yeye sasa ana mikutano yake, siku ya Jumatatu, kwa mwanamke mwenzake anayelima ng'ambo ya barabara. Naona kila nyumba inayohudumiwa iulizwe watu wazima wote tangu wiki ya kwanza, hasa yule anayeonekana imara.

Kikao cha mwisho cha mkulima hakikupangwa Desemba, japokuwa ratiba ya mafunzo ilikuwa imekwisha. Muuguzi na msaidizi walikipeleka wiki ya pili ya Januari, wakati shule zinafunguliwa na wanunuzi wa kangomba wanaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kabla ya hapo, yeye na watu wa zamu ya salfa wameanza kuweka fedha kidogo kila baada ya mnada, kwa ajili ya sare na unga wa miezi ile miwili.